Mtoto kajichafua shuleni: nani amsafishe?

Leo nina mada ambayo si ya mezani, kwa hiyo kama unakula, malizia kwanza ndio urudi kusoma. Ni jambo linalotokea kila siku kwenye shule zetu, za serikali na za binafsi, lakini hatulizungumzi kwa sababu linanuka. Na kwa kuwa hatulizungumzi, anayebaki nalo ni mtoto wa miaka mitano.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe.

Muhula uliopita, siku ya Jumatano, saa tano kasoro asubuhi, simu yangu iliita. Nilikuwa Kariakoo kwenye mihangaiko yangu. Sauti ya mwanamke ikasema: "Baba, njoo umchukue mtoto wako. Amejichafua."

Nikauliza, kajichafua vipi, na tope?

Kimya kidogo. "Hapana baba. Amejisaidia kwenye nguo."

Kijana wangu yuko darasa la awali, shule ya msingi ya serikali hapa hapa Dar. Jina la shule nalihifadhi, maana nia yangu sio kumchongea mtu. Niliacha kila kitu, nikadandia daladala, foleni ya Buguruni ikanishinda, nikashuka nikachukua bodaboda. Nimefika saa sita na robo. Nikamkuta amekaa peke yake nyuma ya madarasa, juu ya mzizi wa mwarobaini, na kaptula ile ile. Nzi wamemzunguka. Wenzake walikuwa wanachungulia dirishani na kuziba pua. Hakuwa analia. Aliniangalia tu akasema, "Baba, sikufanya makusudi."

Saa nzima na zaidi, jamani! Mtoto wa miaka mitano.

Nilimwelekea mwalimu wake nikiwa nimewaka. Lakini yule ni mama wa makamo, karibu anastaafu, na mimi nimelelewa. Hasira zote nilizokuwa nazo, shikamoo ikatoka yenyewe. Akaitikia marahaba, akanivuta pembeni, akaanza yeye kabla yangu.

"Baba, najua umekasirika. Lakini nisikilize. Darasa langu lina watoto tisini na nne, niko peke yangu. Maji hapa yanatoka siku mbili kwa wiki, leo si siku yake. Ningemwosha kwa nini? Na hawa tisini na tatu ningewaacha na nani? Mkoba wa mwanao nimeufungua, nikakuta daftari na chupa tupu. Hata chupi ya kubadilisha hamna. Ningemvalisha nini?"

Wadau, nilikosa jibu. Nilikuwa nimejiandaa kumuuliza yeye maswali, yeye ndiye akaniuliza mimi.

Tuliazima maji nyumba ya jirani na shule, nikamwosha mwanangu nyuma ya choo, nikamfunga kanga aliyonipa yule mwalimu, tukaenda nyumbani. Kesho yake hakutaka kwenda shule. Keshokutwa pia. Ikaja kujulikana kwamba wenzake wameshampa jina, sitaliandika hapa. Wiki nzima mtoto anaamka asubuhi anasema tumbo linauma.

Ndipo mama watoto akasema, tumpeleke hospitali, isije ikawa kweli tumbo linauma. Na kweli, lilikuwa linauma.

Daktari alianza na swali dogo: "Mara ya mwisho kupata choo vizuri ilikuwa lini?"

Tukaangaliana. Mimi nilidhani mama yake anajua, mama yake alidhani mimi najua, wote tulidhani dada wa nyumbani anajua. Ukweli ni kwamba mtoto akishafikisha miaka minne, mitano, anaenda chooni mwenyewe, basi hakuna mtu anayefuatilia tena. Daktari akamlaza, akambonyeza tumbo upande wa kushoto chini, akaniambia niweke mkono. Nikasikia kitu kigumu kama mhogo. Akasema: "Mtoto wako hakuharisha. Mtoto wako amefunga choo, siku nyingi."

Nikamwambia, daktari, lakini kilichotoka kilikuwa maji maji, mimi mwenyewe ndiye niliyeosha!

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo naomba nanyi mlipate, maana wazazi wengi hatulijui.

Iko hivi. Utumbo mpana kazi yake mojawapo ni kufyonza maji kutoka kwenye kinyesi. Kikikaa muda mrefu, kinafyonzwa maji mpaka kinakuwa kikavu na kigumu. Siku kikitoka, kinamuumiza mtoto, wakati mwingine kinamchana kabisa. Mtoto hana elimu ya utumbo, yeye anajua kitu kimoja tu: choo kinauma. Kwa hiyo siku inayofuata akisikia haja, anabana. Utamwona anakunja miguu, anasimama kwa vidole, anajificha nyuma ya kochi. Wewe unadhani anasukuma, kumbe anazuia. Kadiri anavyobana ndivyo kinavyozidi kukauka, na kadiri kinavyokauka ndivyo kinavyozidi kuuma. Mzunguko umeanza.

Ikiendelea wiki na wiki, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka na kuzoea kujaa. Ile taarifa ya kwamba "nataka kwenda chooni" haifiki tena vizuri. Halafu kinyesi kipya, ambacho bado ni laini, kinatafuta njia pembeni ya lile bonge gumu, kinavuja. Kinatoka chenyewe, na mara nyingi mtoto hasikii mpaka kimeshafika kwenye nguo. Kwa hiyo akikwambia "sikufanya makusudi", au "sikujua", mwamini. Anasema kweli tupu.

Mzazi akiona maji maji anasema mtoto anaharisha, anakimbilia duka la dawa kununua dawa ya kufunga kuhara. Hapo ndio unalifunga kabisa lile ambalo lilikuwa limeshafungwa! Na lile bonge likikaa pale linabana kibofu pia, ndio maana wengine wanaanza kujikojolea mchana wakati walishaacha.

Daktari akamgeukia kijana, akamuuliza kwa upole: "Shuleni huwa unaenda chooni?"

Akatingisha kichwa.

"Kwa nini?"

"Shimo ni kubwa. Nitatumbukia."

Akaendelea mwenyewe, taratibu. Kwamba mlango hauna komeo. Kwamba wakubwa wanausukuma wanacheka. Kwamba chini kuna maji maji na yeye anavaa ndala. Kumbe tangu shule ifunguliwe mwanangu alikuwa anabana kuanzia asubuhi mpaka arudi nyumbani, na nyumbani nako akifika anaikuta haja imeshapotea.

Kwa hiyo wadau, ile ajali haikuanza Jumatano saa tano kasoro. Ilianza mwezi mmoja nyuma, nusu chooni shuleni, nusu nyumbani kwangu. Ndio maana nasema swali la "nani wa kulaumiwa, mzazi au mwalimu" halina faida. Wote tulikuwa na mkono.

Tuanze na upande wa shule.

Kiwango cha taifa letu kinasema tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Piga hesabu mwenyewe. Shule yenye wasichana 1,000 na wavulana 1,000 inatakiwa iwe na matundu 50 ya wasichana na 40 ya wavulana. Jumla 90. Nenda kwenye shule ya mtaani kwako ukahesabu. Mimi nilienda nikahesabu ya kwetu, nikaishia matundu kumi na sita kwa shule nzima, na mawili kati ya hayo yamefungwa kwa ubao. Darasa la awali nalo kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Yule mama ana 94. Yaani anafanya kazi ya watu karibu wanne, halafu mimi nakwenda kumuuliza kwa nini hakumwogesha mwanangu.

Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, watoto waliingia shuleni kwa wingi sana, na hilo ni jambo jema, nani anataka mtoto abaki nyumbani? Lakini mtoto akiongezeka siku moja, tundu la choo haliongezeki siku hiyo hiyo. Na wanaoumia zaidi ni wadogo, kwa sababu choo kimejengwa kwa kipimo cha darasa la saba.

Kuna kitu kingine ambacho sikuwahi kukifikiria mpaka daktari alipokieleza. Mtu akila, utumbo unaamka. Ni kawaida ya mwili, dakika kama 15 hadi 30 baada ya kula haja inakuja, na kwa watoto inakuja kwa nguvu. Sasa angalia ratiba ya shule. Mtoto anatoka nyumbani saa kumi na mbili, pengine hajanywa hata chai. Saa nne mapumziko, anakunywa uji, anakula kiazi na kachori, anacheza. Saa nne na nusu kengele inagongwa, wote ndani. Na hapo hapo ndipo haja inafika! Mtoto ananyoosha mkono: mwalimu, naomba kwenda chooni. Anajibiwa nini? "Si mmetoka mapumziko sasa hivi? Ulikuwa unafanya nini huko? Kaa chini."

Wote tumejibiwa hivyo enzi zetu. Na mwalimu hana ubaya, maana akimruhusu mmoja wananyoosha mikono ishirini. Lakini mwili haujui kengele. Mwanangu alijichafua saa tano kasoro dakika kumi. Hesabu inakubali kabisa.

Sasa tuje upande wetu wazazi, maana ni rahisi kuinyooshea kidole serikali ukasahau nyumbani.

Kwanza, muda. Tunawaamsha watoto saa kumi na moja na nusu, tunawavalisha wakiwa wamelala, tunawasukumia nje. Mtoto anahitaji dakika kumi za kukaa chooni nyumbani bila kufokewa, baada ya kula kitu. Akiamka mapema kidogo, akanywa chai au uji, kisha akakaa chooni hata kama hana haja, mwili unazoea. Kama choo ni cha kukaa, muwekee kigoda cha kukanyagia, miguu ining'inie hewani hawezi kusukuma.

Pili, chakula na maji. Ugali wa sembe kila siku, chapati, biskuti na juisi za pakiti, mboga kijiko kimoja, hapo usitegemee choo laini. Tunayo mapapai, maembe, machungwa, mchicha, matembele, maharage, dona. Bei yake si ya kutisha. Na maji. Wazazi wengine wanamkataza mtoto kunywa maji asubuhi ili asisumbue kukojoa shuleni. Ndugu yangu, unatengeneza tatizo kubwa zaidi.

Tatu, nguo. Kijana wangu alikuwa anavaa kaptula ya zipu, kifungo na mkanda juu, kwa sababu nilitaka apendeze. Mkanda ule mimi mwenyewe unanisumbua! Mtoto wa miaka mitano amebanwa, anahangaika na mkanda, atafanyaje? Kaptula ya lastiki kiunoni inatosha. Mkanda utakuja darasa la nne.

Nne, mkoba. Mtoto wa awali na darasa la kwanza awe na chupi na kaptula au sketi ya akiba, kipande cha kanga kuukuu cha kumfutia, na kitu cha kurudishia nguo chafu. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo tumia kopo lenye mfuniko, au kile kindoo kidogo cha mafuta ya kupikia kikiisha. Gharama yake karibu hakuna. Mimi ningekuwa nimeweka hivyo vitu, mwanangu asingekaa juu ya mzizi wa mwarobaini saa nzima.

Tano, kusema. Kama mtoto ana shida ya choo, au anajikojolea, au ameamka na tumbo, mwambie mwalimu. Tunaona aibu, tunanyamaza, halafu tunataka mwalimu ajue kwa kuota.

Hapo nirudi kidogo kwa daktari. Sio kila ajali ni choo kigumu. Mtoto kubanwa mara moja moja, hasa akiwa na miaka minne, mitano, sita, au ameanza shule mpya, ni kawaida na inapita. Lakini ukiona damu kwenye choo, tumbo limevimba, anatapika, ana homa, anakonda, au anakojoa mno na kunywa maji mno kuliko kawaida, usikae nyumbani, mpeleke hospitali. Na mtoto ambaye alikuwa hana shida kabisa halafu ghafla anaanza kujichafua, kaa naye, muulize taratibu kama kuna mtu anamtisha au anamfanyia jambo baya, shuleni au nyumbani. Usiulize kwa ukali, atafunga mdomo.

Sisi tulipewa dawa ya kulainisha choo na tukaambiwa isikatishwe mara tu akipata nafuu, kwa sababu utumbo uliotanuka unachukua miezi kurudi kwenye hali yake. Hizi habari za kumwingizia mtoto kipande cha sabuni, au pilipili, au kumpiga mabomba ya mitishamba, achaneni nazo. Zinamwongezea woga ule ule uliomfanya abane.

Sasa, swali la kichwa cha habari. Imeshatokea, mtoto kajichafua darasani, nani amsafishe?

Jibu ambalo nimelikuta katika shule nyingi ni hili: "Mwiteni dada yake." Yaani kama mtoto ana dada darasa la tano au la sita, anatolewa kwenye kipindi cha hesabu aende kumwosha mdogo wake. Kaka haitwi, anaitwa dada! Kama hana dada, wanachaguliwa wasichana wawili wakubwa. Hii si sawa hata kidogo. Yule binti naye ni mwanafunzi, naye ana aibu yake, na kinyesi cha mtoto kinabeba magonjwa kama cha mtu mzima. Dar es Salaam hii mnakumbuka kipindupindu cha kuanzia Agosti 2015. Kazi ile ni ya mtu mzima, mwenye sabuni na glovu.

Jibu la pili ni kumpigia simu mzazi. Sawa, apigiwe, lakini mtoto asisubiri mzazi afike. Wengi wetu tuko mbali, wengine simu haina chaji, wengine ni kibarua, akiondoka siku hiyo halipwi.

Na hapa kuna jambo ambalo yule mwalimu aliniambia kwa sauti ya chini, na ninalielewa sana. Alisema: "Baba, siku hizi tunaogopa. Ukimvua mtoto wa mtu nguo, kesho unaweza kusikia mengine." Ana haki ya kuogopa. Sisi wazazi tunawafundisha watoto wetu kwamba hakuna mtu wa kuwagusa sehemu za siri, na tunafanya vizuri, tuendelee. Ndiyo maana lazima tukubaliane mapema, siyo siku ya tukio. Mzazi atoe ruhusa yake kwa maandishi mwanzo wa mwaka. Wanaohusika wajulikane kwa majina, na mtoto awafahamu. Wakati wa kusafisha wawe watu wazima wawili, mmoja anasafisha na mwingine yuko karibu, mlango usifungwe kwa ndani, lakini watoto wengine wasione. Mtoto anayeweza kujifuta mwenyewe aachwe ajifute, mkubwa amwelekeze tu. Na mzazi aambiwe siku hiyo hiyo. Ukifanya hivyo unamlinda mtoto na unamlinda mwalimu.

Lakini kuliko maji na sabuni, kuna kitu ambacho hakihitaji bajeti. Mdomo.

Kilichomuumiza mwanangu zaidi si ile kaptula. Ni ule mzizi wa mwarobaini, ni wenzake kuambiwa "msimsogelee", ni lile jina. Kaptula ilifuliwa ikakauka jua la siku moja. Jina lilichukua wiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto kwa namna ya kumdhalilisha, na hakuna mahali imesema isipokuwa kama ananuka. Na aibu hii inaua, sisemi kwa kutia chumvi. Septemba 2019, majirani zetu Kenya, Kaunti ya Bomet, binti wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya kuchafuka na damu ya hedhi darasani. Mama yake alieleza kwamba mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Hapo Kenya tayari ilikuwa na sheria tangu 2017 ya serikali kuwapa wanafunzi wa kike taulo za kike bure! Taulo sheria inaweza kuileta, lakini ulimi wa mtu mzima ni yeye mwenyewe wa kuuzuia.

Kwa hiyo haya ninayoyasema ya watoto wadogo yabebeni mpaka kwa mabinti wa darasa la tano, la sita na la saba. Naye anahitaji vitu vile vile: maji, mahali penye mlango, nguo ya akiba, mtu mzima mmoja anayemwamini, na asiwepo wa kumcheka.

Sisi tulifanyaje?

Mkutano wa wazazi uliofuata nilinyoosha mkono. Nilitetemeka, si kitu cha kawaida mwanaume kusimama mbele ya watu kuzungumzia mavi. Kuna waliocheka. Lakini nilipomaliza, akasimama mama mmoja akasema wa kwake ilimtokea mara mbili. Akasimama baba mwingine. Kumbe tulikuwa wengi, kila mmoja anajificha na lake.

Ubishi haukukosekana. Baba mmoja akasema, "Elimu ni bure, hizo ndoo serikali ilete." Mwingine akakumbusha kwamba mwaka 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni. Mwenyekiti wa kamati ya shule akaeleza kwamba kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Anayetaka kutoa kwa hiari yake azungumze na kamati, na mwalimu asishike hela. Tukakubaliana kutoa vitu, sio pesa. Mmoja alileta ndoo mbili zenye koki, zile za enzi za korona ambazo zilikuwa zimegeuzwa za kuhifadhia unga. Fundi mmoja alitengeneza makomeo manne na akapunguza tundu moja kwa zege, akaweka na bomba la kushikia ukutani, likawa la wadogo peke yao. Mwenye nyumba jirani na shule alikubali kutoa ndoo mbili za maji siku ambazo bomba halitoi. Shule kwa upande wake ikatenga kona nyuma ya stoo yenye pazia, ikateua watu wawili, mmoja ni mama mpika uji ambaye aliridhia mwenyewe. Na yule mwalimu akabadilisha kitu kimoja bila gharama yoyote: dakika kama ishirini baada ya mapumziko, darasa la awali wote wanapelekwa chooni kwa mstari, kumi kumi. Na mtoto wa awali akinyoosha mkono, anaruhusiwa, haulizwi mara mbili.

Matundu 90 bado hatuna. Maji ya uhakika bado. Mwalimu bado ni mmoja kwa watoto 94, na hilo mzazi hawezi kulimaliza kwa ndoo, lazima mwenye dhamana alisikie, na ndiyo sababu nyingine ya kuandika hapa. Sitaki mtu aseme mbona mmeweza, basi endeleeni hivyo hivyo.

Lakini wiki mbili zilizopita kijana alirudi nyumbani na kile kindoo chake. Nikafungua mfuniko, nikakuta kaptula imesuuzwa, imekunjwa. Kwenye daftari kulikuwa na mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: "Leo imetokea kidogo. Amesafishwa, amerudi darasani." Nikamuuliza, leo shuleni kulikuwaje? Akaanza kuniimbia wimbo mpya waliofundishwa. Habari ya kaptula hakuitaja kabisa, na mimi sikumuuliza.

Wadau, mnasemaje? Shule ya mwanao inafanyaje mtoto akijichafua? Walimu mliomo humu tusaidieni, nanyi semeni yenu, msiogope, wekeni hata bila jina. Ila naomba mtu asiweke jina la mtoto wala la shule. Maoni hapo chini.

Nawasilisha.